Ndege ya rimoti: Glo, petroli au umeme? Soma hapa kabla hujatoa hela

Kwenye uwanja wa watu wanaorusha ndege ndogo za rimoti, injini unaitambua kwa sikio tu. Inayolia kama nyigu ni glo. Inayonguruma kama msumeno wa kukatia miti ni petroli. Inayopita ikivuma kama feni ni ya umeme.

Anayeanza huuliza ipi ina nguvu zaidi. Zote zinarusha ndege vizuri. Cha kuuliza ni chakula chake kinapatikana wapi, na ukikosea kitakuumiza vipi.

Glo ni ya wazee wa mchezo huu. Ilishika kasi baada ya Mmarekani Ray Arden kuingiza sokoni plagi yenye waya wa platinamu mwaka 1947. Wakati wa kuwasha, waya unapashwa moto kwa betri ya volti 1.5. Injini ikishika, betri inatolewa na waya unabaki mwekundu wenyewe. Hakuna koili wala mfumo wa cheche, ndiyo maana injini ni nyepesi.

Shida ni mafuta yake, hayauzwi sheli. Ni methanoli iliyochanganywa na oili, pengine ya nyonyo, na mara nyingi nitromethani kidogo. Na usitegemee ndugu anayetoka Dubai akubebee kwenye begi: ni mzigo wa hatari, hauruhusiwi kwenye mizigo ya abiria.

Methanoli ndiyo sumu ile ile inayopofusha na kuua watu wanaokunywa pombe haramu. Kuihifadhi kwenye chupa ya soda, nyumba yenye watoto, ni kutafuta msiba. Tena ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani kirahisi. Ukimaliza kurusha, ndege nzima imelowa oili, na usipotunza injini inashika kutu.

Petroli ni rahisi kupata: unanunua sheli, unachanganya na oili ya tu-stroku, mara nyingi lita 1 kwa lita 32 hadi 40 za petroli, kutegemea maelekezo ya injini. Bei ya kuruka inashuka sana. Lakini injini ni nzito na inatetemesha kila skrubu, kwa hiyo inafaa ndege kubwa, yenye mabawa ya kama mita 2. Propela ya ukubwa huo haina mchezo, inakata vidole.

Umeme ndio unaoingiza wageni wengi siku hizi. Unachomeka betri ya lithiamu, unaruka. Hakuna moshi, majirani hawalalamiki. Ila betri moja kwa kawaida inakupa dakika 5 hadi 10 tu, kwa hiyo utanunua tatu au nne, na hapo ndipo hela inapoishia. Umeme wa nyumbani ukikatika, chaja nyingi zinakubali betri ya gari.

Betri hizi nazo zina hasira. Seli isizidi volti 4.2, wala isishuke chini ya 3. Iliyovimba usiichaji tena, na usichaji ukiwa umelala. Za akiba zinapanda ndege kwenye begi la mkononi: ya seli tatu yenye mAh 2200 ni kama Wh 24 tu, chini kabisa ya kikomo cha Wh 100.

Kuna mtego mmoja wengi hawauoni. Injini ya mafuta ikizimika imezimika. Mota ya umeme ikishachomekwa betri, ukigusa rimoti kwa bahati mbaya inazunguka papo hapo, hata ikiwa mezani. Ukiwa unajaribu mitambo nyumbani, vua propela kwanza.

Kwa anayeanza, ndege ya povu na mota ya umeme inatosha. Ikianguka, na itaanguka, inabandikwa kwa gundi na jioni inarudi hewani. Fedha iliyobaki iende kwenye chaja nzuri.