Shabaha Huanzia Miguuni
Katika nchi ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako bunduki za gumegume zilifika pamoja na misafara ya pembe katika karne ya 19, na ambako silaha za baadaye zimewaonjesha watu majonzi, si ajabu msomaji akistaajabu kuambiwa kwamba kulenga shabaha kwa bastola ni mchezo wenye sharia, na kwamba kinachotobolewa ni karatasi tu. Sharia yake kubwa ni hii: bastola, ambayo yaweza kufika uzito wa kilo moja na nusu, hushikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, wala kifundo cha mkono huo hakiegemezwi popote. Katika bastola ya hewa shabaha iko mita 10, duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5, na mlengaji hupiga risasi 60 kwa dakika 75.

Wengi hudhani siri imo mkononi. Mimi naiona miguuni. Mlengaji husimama ubavu, miguu ikiachana kwa kadiri ya mabega, magoti yamenyooka pasipo kukazwa, na mkono usio na kazi umetiwa mfukoni, maana ukiachwa huru hupembea na kuutikisa mwili. Kichwa huwa wima, kwa kuwa viungo vya mizani ya mwili vimo ndani ya masikio. Kisha hufumba macho, akainua bastola, akafumbua: akiona imeelekea kando ya shabaha, hausukumi mkono, kwani misuli iliyolazimishwa hurejea ilikotoka wakati wa kufyatua, bali husogeza mguu wa nyuma kidogo, na mwili wote ukageuka, mfano wa mchukuzi mwenye mzigo kichwani ambaye njia ikipinda hugeuza hatua, asipinde shingo.

Hata miguu ikikaa sawa, kutulia kabisa ni muhali, na ajitahidiye kujigandisha hutetemeka zaidi.

Mlengaji wa bastola Károly Takács wa Hungaria, ambaye bomu la mkono lilimharibia mkono wa kuume mwaka 1938, alijifunza upya kwa kushoto, akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini London mwaka 1948 na Helsinki mwaka 1952. Husifiwa mkono wake, nao wastahili; lakini mwenye kubadili mkono hubadili ubavu pia, na mguu uliozoea kukaa nyuma sharti ufundishwe kutangulia.