Wati, volti na ampea: hesabu ya kufanya na mtoto kabla ya kuchomeka pasi

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Leo maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, yana mitambo ya megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa, na laini ya kilovolti 220 inatoka hapo hadi Nyakanazi, Biharamulo. Nyumba iliyokuwa na taa na redio sasa ina pasi, televisheni na jagi la kuchemshia maji, mara nyingi vyote kwenye ekstensheni moja.

Je, ekstensheni hiyo inavimudu? Jibu limo kwenye daftari la fizikia la mtoto wa sekondari. Wazazi wengi hawaligusi kwa sababu limeandikwa Kiingereza, ingawa hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu.

Volti ni msukumo wa umeme, na majumbani kwetu ni 230. Ampea ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Wati, zinazoandikwa chini au nyuma ya chombo, ni nguvu kinayotumia. Gawanya wati kwa volti, upate ampea.

Mwache mtoto asome namba, mzazi ashike kikokotoo cha simu. Jagi la wati 2,000: gawanya kwa 230, ni ampea 8.7. Pasi ya wati 1,000 ni ampea 4.3. Vyombo vya nyumbani huunganishwa sambamba: kila kimoja hupata volti zote 230, lakini ampea zao hujumlishwa kwenye waya unaovilisha. Hapo tayari ni ampea 13, na plagi ya pini tatu tuliyoizoea mwisho wake ni 13. Televisheni bado haijawashwa! Ekstensheni nyingine zimeandikwa ampea 10, na zile za bei rahisi zenye waya mwembamba huenda zisifike hata hapo.

Ampea zikiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Plastiki hulainika, harufu huanza. Usitegemee swichi ya usalama ukutani ikate, kwa kuwa za soketi mara nyingi huwekwa za ampea 20 au 32. Fyuzi ya plagi ndiyo mlinzi wa karibu, na anayeiondoa akafunga kipande cha waya mahali pake amemfukuza mlinzi huyo.

Mtoto akiulizwa ukinzani, agawanye volti kwa ampea: 230 kwa 8.7, jagi lina kama omu 26. Ndiyo kanuni ya Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyeichapisha mwaka 1827.

Wati hizohizo hueleza kwa nini uniti za LUKU huisha haraka. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu nne za wati 9, saa tano kila siku, hula uniti 5.4 kwa mwezi. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa mbili kila siku hula uniti 90, wakati bei nafuu ya watumiaji wadogo inaishia uniti 75.