Je, Wajua? Chipu Husoma Masharti Yake Kabla ya Programu Yako

Je, wajua kwamba chipu ikishapata umeme haianzi na programu uliyoiwekea? Kwanza husoma masharti yake yenyewe: ni viini gani, yaani sehemu zinazotekeleza programu, viamshwe, milango ya mafundi ya kuichunguzia chipu iwe wazi au ifungwe, na programu ya nani ikubaliwe. Mita ya LUKU, mashine ya kusomea kadi dukani na kufuli la gari jipya vyote vina kompyuta ndogo ndani. Programu iliyomo humo ikiandikwa kwa ustadi wote lakini masharti ya chipu yakaachwa wazi, ustadi huo haulindi chochote.

Tuitazame chipu moja, RP2350, iliyotolewa Agosti 2024 na kampuni ya Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza. Ndiyo iliyo kwenye bodi ya Pico 2, inayouzwa dola 5. Ina viini viwili vya aina ya Arm na viwili vya aina ya RISC-V, ingawa viwili tu ndivyo hufanya kazi kwa wakati mmoja.

Masharti yake hukaa katika kumbukumbu ya KB 8 inayoandikwa mara moja tu. Biti zake huanza zikiwa sifuri. Ili biti iwe moja, volteji kubwa hupasua tabaka jembamba lisilopitisha umeme, na tangu hapo umeme hupita. Fyuzi ya nyumbani ikiungua hukata njia. Hii ya chipu ikiungua huifungua, na haizibiki tena. Katika kumbukumbu hiyo mtengenezaji wa kifaa huandika muhtasari wa kihesabu wa ufunguo wake, kisha huwasha biti inayodai kila programu iwe na saini ya kidijitali ya ufunguo huo. Kuanzia siku hiyo programu ya kuwashia, ambayo imechongwa ndani ya chipu kiwandani na haibadiliki, hukagua saini ya kila programu kabla ya kuiruhusu. Biti nyeti zaidi zina nakala nane, na nakala tatu tu zikisoma moja, sharti linahesabiwa kuwa limewekwa. Kura hiyo inaegemea upande wa kufunga, na naona ni uamuzi wa busara sana.

Raspberry Pi wenyewe hawakutaka kuaminiwa bure. Walificha siri ndani ya kumbukumbu hiyo, wakafunga kila mlango, wakaahidi dola 10,000 kwa atakayeisoma. Baadaye zawadi ikapandishwa hadi 20,000.

Desemba 2024, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Ujerumani, mshindani mmoja, Aedan Cullen, alieleza jinsi alivyoisoma siri hiyo. Hakugusa hesabu za saini hata kidogo. Alikata umeme wa kumbukumbu hiyo kwa muda mfupi mno, wakati uleule chipu ikisoma masharti yake. Badala ya masharti halisi, chipu ikapokea thamani ya ukaguzi iliyosomwa punde kabla, ikaichukulia kuwa ndiyo masharti. Kwa thamani hiyo viini vya Arm vilizimwa, vile vya RISC-V vilivyokuwa vimefungwa vikaamka, na mlango wa mafundi ukawa wazi. Siri ikasomeka. Kundi jingine, kutoka kampuni ya usalama wa kompyuta ya IOActive, lilifungua chipu na kuzisoma biti kwa vifaa vya maabara vinavyotumia miale ya ioni.

Januari 2025 kampuni ilitangaza washindi, ikaeleza mianya yote hadharani na kulipa zawadi kamili kwa kila mshindi. Mwaka huohuo likatoka toleo A4 la chipu hiyo, likiwa limezibwa mianya kadhaa. Kwangu, kampuni inayoonyesha jeraha lake na kulitibu mbele ya watu inastahili imani kuliko inayodai haijawahi kujeruhiwa.

Mashambulizi hayo yalihitaji mtu aishike chipu mkononi. Hiyo si faraja kwa kifaa kinachofungwa ukutani kwa mteja au kinachouzwa sokoni. Kwa hiyo, fundi au mwanafunzi unayeunda vifaa, usiweke siri moja katika vifaa vyote, maana kikipasuliwa kimoja vyote vimekwisha. Na kumbuka kwamba RP2350 hufika kwako ikiwa wazi: biti ya kudai saini bado ni sifuri, na wa kuiwasha ni wewe.