Utulivu wa Kijiji Chako ni Mali

Je, umepata kufikiri ya kuwa mtu wa mjini aweza kusafiri siku nzima kusudi alale mahali pasipo na kelele? Ndivyo ilivyo. Wako watu waliochoshwa na kazi na joto, nao hutafuta hewa baridi, matembezi ya miguu na chakula cha shambani.

Tazama Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Msitu wake ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Wageni huja kutembea chini ya miti, kusikiliza ndege na kuona ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo sasa hupandwa katika nyumba za nchi nyingi.

Nawe ukitaka kupokea wageni, anza kidogo. Vyumba viwili vyatosha: shuka safi, chandarua, choo safi, maji yaliyochemshwa. Mayai na ndizi nunua kwa jirani. Kijana ajuaye njia awaongoze, naye alipwe. Ukila peke yako, nani atakusaidia kulinda msitu?

Maana kinachomleta mgeni ni msitu huo. Hata maji ya mto Zigi, yanywewayo Tanga mjini, hutoka milima hiyo. Miti ikikatwa, mgeni harudi, na mto huharibika.

Basi, akina baba, akina mama na wazee, kaeni mpatane kwanza: wageni wangapi, kuni zitoke wapi, na fungu gani la fedha linunue miche.