Kabla ya kuizika injini, ipimwe

Siku fundi aliponiambia, "Mwalimu, injini hii imekufa," nilishtuka kama aliyeletewa tanzia. Gari lenyewe ni Peugeot 504 nililorithi kwa marehemu baba, mwalimu wa shule ya msingi aliyelilipia kwa jasho la chaki. Shauri la fundi lilikuwa jepesi: ing'olewe, nitie injini ya Toyota ya mtumba kutoka Japani. Nami fedha nilizokuwa nazo zilikuwa karo ya binti yangu.

Kwa mtu anayefundisha isimu, neno "kufa" halipiti hivi hivi. Katika Kiswahili saa hufa, redio hufa, hata ndoa hufa. Kasoro ya kitenzi hicho ni kwamba hufunga mjadala. Kilichokufa hakipimwi, huzikwa. Nikamwuliza imekufa wapi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtihani.

Fundi wa pili, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, alifungua plagi zote nne kwanza, akapima mgandamizo wa kila silinda. Ya tatu ilikuwa chini mno kuliko nyingine. Akaitia oili kidogo, akapima tena, mgandamizo ukapanda. Maana yake, alinieleza, ni kuwa ringi za pistoni zimelika na ile oili imeziba mwanya kwa muda. Usingalipanda, tungalizishuku vali. Nikaelewa pia ule moshi wa samawati uliotoka kila nilipokanyaga mafuta kupanda mlima.

Katika injini ya 504 ukuta wa silinda ni slivu, yaani bomba la chuma lililozungukwa na maji, ambalo huchomolewa likatiwa jingine pamoja na pistoni na ringi zake. Injini nyingi hazina bahati hiyo. Tundu zake hupanuliwa kwa mashine, aghalabu kwa robo au nusu milimita, na upanuzi huo una kikomo. Alikagua bloku na krenkshafti vilevile. Lau bloku ingalikuwa na ufa, mimi mwenyewe ningaliitafuta nyingine.

Na ile ya mtumba? Haikuwapo njia ya kujua oili yake ilibadilishwa lini. Bei niliyotajiwa haikuhesabu vyuma vya kuishikilia ambavyo vingechomelewa upya, giaboksi isiyolingana nayo, wala shughuli ya kulipeleka gari kukaguliwa ili NTSA isajili namba mpya ya injini.

Basi tukaitengeneza. Sehemu ya karo ilitumika, binti akarejea chuoni juma moja baada ya wenzake, nami nikamwomba radhi. Sasa naendesha taratibu, sizidi kilomita 80 kwa saa wala sibebi mzigo mzito, hadi nitimize kilomita 1,000 ili ringi zizoeane na silinda. Juzi nilipita mbele ya gereji ya yule fundi wa kwanza. "Mwalimu, umeifufua!" akapaza sauti. Nikampungia mkono.