Samaki wa Pilipili na maji ya Uvira
Mchoraji Mkongo Pilipili Mulongoy (1914–2007) alichora samaki, ndege na nyoka katika karakana ya Hangar mjini Lubumbashi, iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés baada ya Vita Kuu ya Pili. Wapo wanaosema michoro hiyo ni mapambo ya kuwafurahisha Wazungu. Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu, ni kweli. Lakini viumbe wake huwindana, na kuwinda si pambo. Jicho hilo linaloona maumbile yakiwinda linahitajika Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mto Mulongwe ulifurika na kuua watu Aprili 2020, na mwaka 2024 ziwa hilo likaingia mitaa ya Kalundu. Kamera huonyesha nyumba iliyozama. Mchoraji anaweza kuonyesha ziwa lenyewe likidai ufuko wake, pamoja na mamia ya spishi za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani.