Kilele, Mshindo na Kinembe: Istilahi za Raha ya Mwanamke

Ipo sehemu ya msamiati wa tiba ambayo waundaji wa istilahi huipitia wakiwa wameinamisha macho. Maneno ya ini, figo na wengu yamejadiliwa kwa makini. Ya raha ya mwanamke katika tendo la ndoa yameachiwa mtaa. Haya ni jambo jema, lakini haya isiyo na msamiati humtesa mgonjwa. Mwanamke akifika zahanati akamwambia mganga kwamba “hakojoi”, huenda akapimwa kibofu na kupewa dawa ya mkojo, ilhali alikuwa akieleza kwamba hapati ukomo wa raha anapokutana na mumewe. Neno alilotumia analijua kila mtu wa mtaani kwake; katika vitabu vya tiba lina maana moja tu.

Tuanze na ukomo huo wenyewe. Maneno yanayotumika ni kadhaa: kukojoa, kumwaga, mshindo, kufika kileleni. Mawili ya kwanza yanazungumzia majimaji, na hapo ndipo penye kasoro. Mwanamke aweza kupata ukomo wa raha bila kutoa majimaji yanayoonekana, na aweza kuyatoa bila kuufikia ukomo huo. Majirani zetu wa Rwanda wana desturi iitwayo kunyaza, na jina hilo limetokana na kitenzi cha kukojoa kwa kukitia kiambishi cha kusababisha, sawa na sisi tunaposema kukojoza. Jina hilo linafaa kwa desturi yenyewe, ambayo nia yake ni kuyatoa maji. Halifai kuwa jina la tukio zima la mwili.

Mshindo una sifa njema ya kuhesabika: mshindo mmoja, mishindo miwili. Lakini katika matumizi ya kawaida hesabu hiyo ni ya mwanamume, na mara nyingi mkewe huwa hakupata hata mmoja. Hivyo mwandishi anaegemea kilele, ingawa wanafasihi watanung’unika kwamba wamekwisha kukitumia katika tamthilia. Neno moja laweza kutumika katika nyanja mbili bila kugombana. Linafaa pia kwa sababu linakubali ngazi. William Masters na Virginia Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1966, walieleza hatua nne: msisimko, kisha hali ya kukaa juu pasipo kushuka, kisha kilele, kisha utulivu. Hatua ya pili twaweza kuiita uwanda wa juu. Katika kilele misuli ya nyonga hubana na kulegea kwa mpigo, mwanzoni takriban kila baada ya sekunde 0.8. Mibano hiyo tuiite mipwito, kutokana na kupwita. Wanawake wengi huweza kupata vilele kadhaa mfululizo pasipo kusubiri kama wanaume wanavyosubiri.

Sasa tuje kwenye aina za vilele, ambapo kosa dogo la sarufi laweza kuleta kosa kubwa la elimu. Mwaka 1905 Sigmund Freud alidai kwamba mwanamke aliyekomaa huihamisha raha yake kutoka kwenye kinembe hadi ukeni. Kwa miaka mingi wanawake wasiofika kwa kuingiliwa peke yake waliitwa wagonjwa au “baridi”. Alfred Kinsey na wenzake mwaka 1953, na baadaye Masters na Johnson, waliipinga rai hiyo. Mwaka 1950 Ernst Gräfenberg alikuwa ameeleza sehemu yenye hisi kali katika ukuta wa mbele wa uke, na mabishano juu yake hayajakwisha.

Yaliyopunguza giza ni maelezo ya daktari mpasuaji wa Australia, Helen O’Connell, mwaka 1998. Kinembe, au kisimi, si ile punje inayoonekana tu. Kina kichwa na shina, kisha miguu miwili iliyoshikamana na mfupa wa nyonga, na matumba mawili yenye kujaa damu yanayoukumbatia uke na njia ya mkojo. Kwa hiyo kinachoguswa ndani na kinachoguswa nje ni jirani wa nyumba moja. Tukisema “kilele cha kinembe” na “kilele cha uke”, kiunganishi hicho kinatuundia vitu viwili mbalimbali, na mara kimoja kitaonekana bora kuliko kingine. Tukisema “kilele kwa kinembe” au “kilele kwa uke”, tunataja njia tu. Wanawake husimulia tofauti za hisi kati ya njia hizo, nao wasikilizwe. Lakini tofauti ya njia si daraja la ukomavu.

Umbo hilo lina uzito kwa waliokeketwa. Wengi huambiwa kwamba kinembe “kimeondolewa”. Hata kichwa kinapokatwa, sehemu kubwa ya kiungo hubaki chini ya kovu. Mwaka 2012 daktari Pierre Foldès wa Ufaransa na wenzake walitoa taarifa ya wanawake 2,938 waliowapasua ili kukirudisha nje kilichobaki. Kati yao 866 walionwa tena baada ya mwaka, na karibu wote walisema maumivu na raha vilipata nafuu au havikuzidi kuharibika. Wapo madaktari walioitilia shaka taarifa hiyo, hasa kwa kuwa wengi hawakurudi kupimwa. Hata hivyo, muuguzi atakayeandika “kichwa cha kinembe kimekatwa” badala ya “hana kinembe” atakuwa amesema kweli zaidi.

Limebaki suala la kitenzi. Makungwi wa pwani, ambao katika unyago hufundisha mambo haya kwa mafumbo yasiyomwonea haya mwali, huyataja kama kazi ya watu wawili. Lugha ya mtaani hupenda kutendwa: mwanamke “hufikishwa”, naye hulaumiwa asipofika. Mwandishi anapendekeza kitenzi kiwe kufika kilele, mtendaji akiwa mwanamke mwenyewe, na kufikishwa kubaki katika maelezo ya matumizi. Kwa asiyefika kabisa, “ubaridi” ufutwe, tuandike ukosefu wa kilele.